Cheti cha kuongoza wageni Affile na Subiaco: DV au CIMEA?

Kutoka: Dada wa Subiaco

Ndugu wanajumuiya,

Ninawasalimu nyote. Wengi wenu mnafahamu kwamba kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwasindikiza masista na mafrateri wetu wanaosoma Roma hadi bonde la mto Aniene, tukianzia Affile na kumalizia katika monasteri mbili za Subiaco. Sasa nataka kuifanya kazi hiyo kihalali na kwa malipo, kwa kufuata Sheria namba 190 ya mwaka 2023, iliyoweka daftari moja la taifa la waongoza wageni pamoja na mtihani wa serikali, badala ya vile vibali vya kila mkoa. Ofisi niliyoipelekea maombi, ambayo sitaitaja, imeyarudisha kwa maelezo kwamba cheti changu cha Tanzania hakijathibitishwa thamani yake, bila kusema kama inataka DV, yaani tamko la thamani ya cheti linalotolewa na ubalozi wa Italia, au hati ya CIMEA, kituo cha Italia kinachotathmini vyeti vya nje. Nimeandika kwa PEC, ile barua pepe rasmi iliyothibitishwa, na sikujibiwa. Kwa simu nimeelekezwa niingie kwa SPID, utambulisho wa kidijitali wa Italia, na humo fomu inadai namba ya hati ile ile ninayoiulizia.

Lililoniumiza zaidi ni swali la afisa mmoja, aliyetaka kujua Waafrika wanafuata nini Affile, mji wa mlimani wenye watu takriban 1,500. Nilimweleza kwamba hapo ndipo Mtakatifu Benedikto, kijana wa Norcia aliyeyakimbia masomo na anasa za Roma karibu na mwaka 500, alikaa kwanza pamoja na yaya wake, karibu na kanisa la Mtakatifu Petro. Papa Gregori Mkuu anasimulia kwamba yaya aliazima kwa majirani ungo wa kupepetea ngano, ukaanguka ukapasuka vipande viwili, naye akalia kwa kuwa haukuwa wake. Kijana akaviokota vile vipande, akasali, na ungo ukawa mzima. Wenyeji wakautundika mlangoni pa kanisa, ukakaa hapo hadi walipokuja Walombardi, na Benedikto, kwa kuogopa sifa, akamtoroka hata yaya wake na kwenda kujificha katika pango la Subiaco. Muujiza wake wa kwanza ulimhusu mwanamke mtumishi na chombo cha kuazima, na sisi tunaofanya kazi katika nyumba za watu tunauelewa vizuri zaidi kuliko wengine.

Naomba anayejua anijibu: DV au CIMEA?

Kutoka: Kaka wa Bologna

Dada, pole sana. Mimi nilipotaka cheti changu cha ufundi kitambuliwe, niliambiwa nilete DV, na nilipoileta nikaambiwa kwamba sasa wanapokea hati ya CIMEA tu, kisha mwenzangu aliyepeleka hati ya CIMEA katika ofisi hiyo hiyo akadaiwa DV. Ushauri wangu ni kwamba uandae zote mbili, na kila ombi ulibandike marca da bollo, yaani stempu ya serikali, ya euro 16 hata kama hawajasema, kwa sababu watakapoikumbuka watakurudisha nyuma.

Kutoka: Mrundi wa Torino

Samahani kaka, unamchanganya dada. Kabla ya DV na kabla ya CIMEA kuna uhalalishaji wa cheti chenyewe. Sisi wa Burundi tumo katika mkataba wa apostille tangu mwaka 2015, na Rwanda imeingia mwaka 2024, kwa hiyo muhuri mmoja wa nyumbani unatosha. Cheti cha Tanzania ni lazima kipite kwa ubalozi wa Italia ulioko Dar es Salaam. Ikiwa hilo halikufanyika, hizo hati nyingine zote ni kazi bure.

Kutoka: Kaka wa Bologna

Sijamchanganya mtu. Ameandika kwamba cheti hakijathibitishwa thamani, hakuandika kwamba hakijahalalishwa. Tusome barua za wenzetu kabla ya kuwajibia.

Kutoka: Mzee wa Roma

Wanangu, nimeishi katika nchi hii tangu enzi ya lira, na ninaomba mnivumilie, maana kuna jambo zito kuliko muhuri.

Binti yangu wa Subiaco ameeleza vizuri habari za ungo, lakini sijaona katika maelezo yake habari za jengo lile lililozinduliwa katika bustani ya Radimonte, hapo hapo Affile, tarehe 11 Agosti 2012. Lilijengwa kwa fedha za umma zilizotolewa na mkoa wa Lazio, likaandikwa maneno ya Kiitalia yenye maana ya nchi na heshima, na likawekwa wakfu kwa Rodolfo Graziani, jemadari wa Kiitalia aliyezaliwa Filettino mwaka 1882, akafariki mwaka 1955 na kuzikwa Affile. Mtu huyo ndiye aliyeongoza vita vya Cyrenaica, mashariki mwa Libya, ambako takriban watu 100,000 walihamishwa kwa nguvu na wengi wao kufungiwa makambini jangwani, na ambako Omar al-Mukhtar, kiongozi wa wapiganaji waliowapinga Waitalia, mzee wa zaidi ya miaka 70, alinyongwa hadharani huko Soluch tarehe 16 Septemba 1931. Ndiye aliyekuwa makamu wa mfalme huko Addis Ababa tarehe 19 Februari 1937, siku ambayo vijana wawili wa Eritrea, Abraha Deboch na Mogus Asgedom, walimrushia mabomu ya mkono, na kwa siku tatu baada ya hapo raia wakachomwa ndani ya nyumba zao na kupigwa kwa sururu na marungu mitaani. Baada ya vita serikali ya Ethiopia ilitaja watu 30,000. Mtafiti Ian Campbell, aliyetumia miaka mingi kukusanya ushahidi, anakadiria takriban 19,000.

Kisha, Mei mwaka huo huo, Graziani aliamuru wamonaki wa Debre Libanos, monasteri ya Ethiopia, wapigwe risasi. Yeye mwenyewe aliripoti Roma kwamba wameuawa wamonaki 297, na siku chache baadaye akaongeza mashemasi 129. Hesabu za watafiti wa baadaye zinazidi 1,000. Debre Libanos ilianzishwa katika karne ya 13 na Mtakatifu Tekle Haymanot, ambaye naye alikaa pangoni akisali, kama Benedikto alivyokaa Subiaco. Kwa hiyo mji uliompokea baba wa wamonaki wa Magharibi umemjengea heshima mtu aliyewaua wamonaki wa Afrika. Sielewi namna ya kuwapeleka mafrateri wetu pale tukawaonyesha kanisa la Mtakatifu Petro na kuwapitisha mbali na Radimonte.

Mahakama ya Tivoli, mwaka 2017, ilimtia hatiani meya na wajumbe wawili wa halmashauri kwa kuutukuza ufashisti. Hilo nalo ni historia ya mji.

Kutoka: Mkaazi wa Tivoli

Shikamoo mzee. Maneno yako ni ya kweli, ila naomba kuyakamilisha, kwa sababu msikilizaji mmoja Mwitalia atakapomkosoa dada mbele ya wageni, kazi yake yote itatiliwa shaka. Kesi haikuishia Tivoli, bali ilikatiwa rufaa hadi mahakama ya juu kabisa, kwa hiyo asiseme kwamba kuna aliyefungwa kwa ajili ya jengo lile. Aidha, Graziani alishtakiwa baada ya vita kwa kushirikiana na Wajerumani alipokuwa waziri wa ulinzi wa serikali ya Salò, ile ya Mussolini iliyotegemea Wajerumani, akahukumiwa miaka 19 mwaka 1950 na kuachiwa baada ya miezi michache. Kwa yaliyotendeka Libya na Ethiopia hakuwahi kusimama mbele ya hakimu yeyote. Hilo ndilo linalopaswa kusemwa kwa sauti.

Ninaomba pia tusiwahukumu wenyeji wote. Wapo Waitalia walioandamana kulipinga jengo hilo, na wapo wazee wa Affile ambao fahari yao ni mizabibu yao ya cesanese, ambayo jina la mji limo katika hati rasmi ya mvinyo wao tangu mwaka 1973. Mtu akienda Affile asiongee na mkulima hata mmoja, ameona nusu ya mji.

Kutoka: Mzee wa Roma

Marahaba. Sikusema kwamba amefungwa mtu, nimesema kutiwa hatiani. Na wakulima sijawahukumu.

Kutoka: Frateri kutoka Songea

Tumsifu Yesu Kristo.

Nilikuwa mmoja wa walioongozwa na dada, na ninashuhudia kwamba anaijua njia hiyo vizuri mno. Katika Sacro Speco, monasteri iliyojengwa juu ya pango lenyewe, alitusimamisha mbele ya picha ya ukutani ya Mtakatifu Fransisko, iliyochorwa bila duara la utakatifu kichwani, akatueleza kwa nini wataalamu wanaamini kwamba ilichorwa kabla hajatangazwa mtakatifu mwaka 1228. Katika monasteri ya Mtakatifu Skolastika alitueleza kwamba hapo ndipo Wajerumani wawili, Sweynheym na Pannartz, walipofunga mtambo wa kwanza wa kuchapa vitabu katika Italia, na kwamba kitabu chao cha Laktansi, mwandishi Mkristo wa kale, kilikamilika mwaka 1465.

Mimi nimekulia karibu na abasia ya Peramiho. Kengele za Wabenediktini ndizo zilizotuamsha, shule yao ndiyo iliyotufundisha kusoma, na hospitali yao ndiyo iliyotupokea wagonjwa, na huku mlimani, mbali na nyumbani, niliposikia sala za masifu zikiimbwa kwa mpangilio ule ule nilioujua tangu utotoni, nilishindwa kujizuia. Lakini sisi wa Songea tunajua pia kwamba misheni na bunduki vilifika kwa karibu sana. Peramiho ilichomwa katika vita vya Majimaji mwaka 1905, na Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga machifu na mashujaa wa Wangoni. Tarehe 1 Novemba 2023 rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea na kuomba radhi kwa vizazi vyao. Watu wa nyumbani walitofautiana kuhusu uzito wa maneno yale, na wengi wanasema kwamba radhi bila kurudishwa mabaki ya mashujaa haitoshi. Hata hivyo alikuja, akasimama, akasema. Ninaungana na mzee: Radimonte iingizwe katika safari, na pale isaliwe sala ya marehemu kwa ajili ya wamonaki wa Debre Libanos.

Kutoka: Mama wa Nyeri, Napoli

Wanangu, mmenikumbusha mbali. Aliyempokea Graziani kiti chake huko Addis Ababa mwishoni mwa mwaka 1937, yaani Amedeo, mtawala wa Aosta, amezikwa kwetu Nyeri, katika kanisa la kumbukumbu la Waitalia, pamoja na mamia ya askari wao waliokufa wakiwa mateka. Alisalimu amri huko Amba Alagi mwaka 1941 na kufariki Nairobi mwaka 1942. Tulipokuwa wasichana tulikuwa tukipita pale, tukaona bustani imefagiliwa na maua yamenyweshwa, na hakuna mtu aliyewahi kulitia kanisa lile uchafu.

Baba yangu mkubwa alikuwa keya, yaani askari wa jeshi la Waingereza la King's African Rifles. Walitoka Kenya wakavuka mto Juba, wakaingia Mogadishu Februari 1941, wakapanda hadi Harar, na tarehe 6 Aprili Addis Ababa ikawa imechukuliwa. Katika majeshi yale walikuwamo vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, na waliporudi hawakupewa mashamba wala mnara wenye majina yao. Sisi tumewatunzia Waitalia wafu wao kwa heshima. Ninachodai kwao ni kwamba nao wawaheshimu wafu wa Ethiopia, ambao vijana wetu walikwenda kuwapigania ndugu zao. Dada akifika Radimonte awataje keya pia.

Kutoka: Kaka wa Bologna

Shikamoo mama. Ninakubaliana nawe, ila dada akitaja yote haya mbele ya kundi, je, bado anasindikiza au tayari anaongoza? Kusindikiza ni kuangalia basi, chakula na muda. Kueleza urithi wa mahali ndiyo kazi ambayo sheria mpya imeitengea wenye kibali. Akikutwa anaeleza bila kibali anaweza kutozwa faini, hata kama wasikilizaji ni watawa.

Kutoka: Mrundi wa Torino

Safari ya kidini yenye sala haiwezi kulinganishwa na biashara ya utalii. Padre akihubiri mbele ya Radimonte, ni nani atakayemwomba kibali?

Kutoka: Dada wa Subiaco

Nawashukuru wote. Mzee, jengo hilo sikulinyamazia kwa kutojali. Wageni wengine wa kwetu walikuwa wakiniomba nisiwaharibie hija, na mimi niliheshimu ombi lao. Baada ya kuwasoma nyote, nimeamua kwamba atakayekuja nami atayasikia yote mawili, na asiyetaka kusikia habari za Addis Ababa atatafuta kiongozi mwingine.

Cheti changu kilihalalishwa ubalozini kabla sijasafiri, kwa hiyo tatizo haliko hapo. Bado sijajua kama ni DV au CIMEA.

Kutoka: Mzee wa Roma

Binti yangu, umesema vyema. Ninapendekeza twende kwa pamoja siku ya Jumamosi iliyo karibu na tarehe 19 Februari, ambayo Ethiopia huiadhimisha kila mwaka kwa jina la Yekatit 12. Tuanze na kanisa la Mtakatifu Petro, frateri atusomee habari za ungo. Kisha twende Radimonte tukawataje Abraha Deboch na Mogus Asgedom kwa majina yao, wamonaki wa Debre Libanos, Omar al-Mukhtar, na keya wetu kama alivyoagiza mama wa Nyeri. Nitawaomba Waethiopia na Waeritrea ninaosali nao watutumie mtu wa kusoma kwa Kiamhari na kwa Kitigrinya, maana marehemu hao ni wa kwao kabla ya kuwa wetu. Mabasi ya Cotral yanaondoka Ponte Mammolo, Roma, hadi Subiaco, lakini kutoka hapo kupanda Affile ni machache, kwa hiyo wenye magari waniandikie wana nafasi ngapi.