Naomba ushauri: nimpe mwanangu uhuru kiasi gani?

Ndugu zangu, nililelewa Kibosho, kijijini Kilimanjaro, miaka ya 1980, ambako baada ya kukata majani ya ng'ombe tulichezea maji mferejini na kurudi nyumbani giza likiingia, bila mtu kuuliza tulikokuwa, kwa sababu kila mama wa kihamba (shamba la nyumbani la Wachagga) jirani alikuwa na haki ya kutuonya, hata kutuchapa. Leo naishi Moshi mjini, na mwanangu wa miaka 9 akishushwa na gari la shule huingia getini hadi kesho yake. Inaniuma sana. Mke wangu anahofia bodaboda na watu tusiowafahamu, na simlaumu. Je, nimpeleke kwa bibi yake likizo ya Desemba, au nianze kwa kumtuma dukani peke yake? Mliojaribu, mlianzaje?