Zabibu kavu zangu zinatoka Septemba: nianzie Nane Nane, WhatsApp au redio?

Mkaushaji_Hombolo
Mbukwenyi wakuu. Nina ekari moja na nusu ya zabibu Hombolo, hapa Dodoma. Miaka yote nauza mbichi, na mavuno ya Agosti na Septemba yakikutana na ya wenzangu bei inaporomoka. Mwaka huu nakausha na kufungasha mwenyewe, pakiti za gramu 200 zenye jina langu. Za majaribio za mwezi wa tatu nimebakiwa nazo kilo 12, hizo siuzi. Nataka mzigo wa Septemba ukute watu wanausubiri. Mfukoni kuna laki nne na haziongezeki. Kuna njia tatu: meza kwenye maonesho ya wakulima ya Nane Nane, mwezi wa nane pale Nzuguni, kukusanya watu WhatsApp, au tangazo la redio. Ipi ianze?

Bi_Majengo
Kaka, redio isahau kwanza. Mwaka juzi nilitangaza achari yangu wiki nzima, simu ziliita mpaka nikazima. Nilikuwa na chupa arobaini tu! Ziliisha siku ya pili. Waliokosa nikawaambia wasubiri, na niliporudi na mzigo mwezi uliofuata sikuwa na namba ya hata mmoja. Redio ni ya mtu ambaye stoo yake imejaa.

Kijana_wa_UDOM
WhatsApp, mkuu. Gharama yake ni bando tu. Rekodi zabibu zikiwa kichanjani, siku ya kwanza, ya tano, ya kumi, watu waone zinavyosinyaa. Huku chuo nipe za kuonjesha, mabweni yote yatakujua.

Alizeti_Singida
Kijana, stetasi wanaangalia binamu zako. Watakuandikia "hongera sana" halafu wanapita. Nilipoanza mafuta ya alizeti kundi langu lilikuwa na watu 180. Nikasema anayetaka dumu atangulize elfu mbili. Walilipa 23. Nilikasirika, kumbe hao 23 ndio walikuwa wateja, waliobaki walikuwa watazamaji.

Mimi naenda na Nane Nane. Pale anaonja mtu asiyekujua, hana sababu ya kukufurahisha. Akitafuna akakunja uso, umepata jibu bure. Na ni maonesho ya Kanda ya Kati, hata sisi wa Singida tunakuja huko. Usikodi banda peke yako, utamaliza laki nne kabla ya tarehe 8. Waulize halmashauri kama wana nafasi kwenye banda la wajasiriamali wao. Halafu onjesha kwa kijiko, mtu asichote kwa mkono. Ukitoa gramu 5, kilo 8 zinafikia watu 1,600.

Karani_Mstaafu
Vijana wangu mnakimbilia ngoma kabla ya kuwamba. Jina hilo umelipeleka BRELA, kwa wasajili wa biashara? Jina la biashara ni kitu kimoja, alama ya biashara ni kingine. Ya pili ndiyo inayomzuia mtu kuiga lebo yako. Unapewa miaka 7, kisha unahuisha kwa miaka 10. Na chakula cha kufungasha kinapita TBS, shirika la viwango, tangu 2019 usimamizi wa chakula ulipohamia huko kutoka iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, TFDA. Anzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, wakupe barua ya utambulisho. Ukishawaahidi watu Septemba na TBS hawajamaliza, utawaambia nini?

Mkaushaji_Hombolo
Shikamoo mzee. Jina nimesajili, alama bado. TBS nilidhani ni ya baadaye. Umenishtua.

Bi_Majengo
Na hilo la kutanguliza hela silikubali. Dodoma tunajuana. Ukichelewa wiki mbili na elfu mbili ya mtu, Majengo nzima inajua wewe tapeli. Andika jina, namba na mtaa, basi. Siku mzigo ukifika unawapigia kabla hujafungua duka.

Alizeti_Singida
Dada, jina bila hela ni salamu tu. Lakini kwa kuwa TBS bado, safari hii nakubali.

Mkulima_Mpunguzi
Mbona hamjauliza hizo kilo 12 zilikaushwaje? Mwezi wa tatu huku bado kuna mvua. Zangu zilitoka nyeusi, nyingine zinanata, nilikuwa nazikimbiza ndani kila wingu likijikusanya. Za Septemba jua ni kali na hewa kavu, zitakuwa kitu kingine kabisa. Mtu akionja hizi akaja kuletewa zile, atasema umebadilisha.

Mkaushaji_Hombolo
Kweli kabisa mkuu, zangu nusu zimekuwa nyeusi. Basi nachambua, nzuri zikitimia kilo 7 ndizo zinaenda Nane Nane, na nitawaambia wazi ni za msimu wa mvua. Kesho naenda SIDO. Kwenye daftari naandika "Oktoba", hela sichukui. Stetasi nitarusha mara moja kwa wiki kwa walioandika majina. Redio hapana. Laki mbili nazificha kwa ajili ya vifungashio na alama.

Kijana_wa_UDOM
Na za mabweni?

Mkaushaji_Hombolo
Nusu kilo. Uje na kijiko chako na daftari.