Nyumba ya Limbani 🌴: baskeli ya Baba

ALHAMISI

Da Asha: Assalaam alaykum nyote. Leo nataka tumalize suala la baskeli ya Baba, Khamis kaipata moja ya umeme huko Dubai na muuzaji kamuekea mpaka Jumapili tu. Nani yumo nani hayumo, semeni

Da Asha: ??

Da Asha: Watu 11 mshasoma na hakuna alojibu

Mwanaidi: Waalaykum salaam dada nilikuwa jikoni. Baba jana katoka shamba na gunia lake la muhogo nyuma, nimemuona kwa macho yangu kafika pale mwembeni kashuka, kashika tandiko, kainama kama anakagua cheni. Cheni haina kitu. Anavuta pumzi watu wasimjue. Miaka 72 na daladala hataki kuisikia

Khamis: Waalaykum salaam. Nyingi nilizoziona huku zina kilo 24, 25, hizo achaneni nazo, Baba hawezi kuzipandisha barazani. Hii kilo 17 pamoja na betri, nimeinyanyua kwa mkono mmoja. Betri volti 36 ampea-saa 10, ukizidisha unapata wati-saa 360. Mota wati 250 ipo gurudumu la nyuma. Anapiga pedeli mwenyewe, yenyewe inamsaidia tu, ikifika kilomita 25 kwa saa inaacha

Seif: Mzee atawapita vijana wa boda kilimani 😂

Bi Rukia: 😂😂😂 msimu wa karafuu watamkodi

Seif: Tumtilie na honi ya boti

Da Asha: Seif nakuomba mdogo wangu. Mzaha baadae

Da Asha: Khamis ina sensa gani? Nimeuliza fundi Darajani kaniambia zile za rahisi zinahisi pedeli inazunguka basi, ukigusa tu inakuvuta ghafla, kwenye mchanga Baba ataanguka. Nzuri ni ile inayopima mguu unavyokanyaga, ukikanyaga kidogo inakusaidia kidogo. Na kile chuma cha kati kiwe chini mana na kanzu hawezi tena kurusha mguu

Khamis: Inapima mguu, nimeijaribu mwenyewe. Chuma kipo chini. Breki za diski za mafuta, akibonyeza kidogo tu inashika, vidole vyake vile vinavyomuuma ni muhimu. Kinachonitia wasiwasi ni vilima vya kwetu Pemba. Ingekuwa Unguja tambarare nisingesema kitu. Mota ya kwenye pedeli inapanda vizuri zaidi kwa sababu inatumia gia, lakini uzito unazidi, bei inazidi, na cheni inalika haraka

Mwanaidi: Na betri ikimuishia njiani?

Khamis: Ndo mana nataka nyepesi, atapiga pedeli kama kawaida mpaka nyumbani. Ile ya kilo 25 ikizima ni kusukuma ng'ombe

Mwanaidi: Na umeme ukikatika siku mbili kama juzi

Da Asha: Atachaji ukirudi, masaa manne matano inajaa. Betri inachomoka ataingia nayo ndani. Ila Mwanaidi wewe ndo upo nae, asiiache juani na asilale nayo kwenye chaji, na chaja iwe ile ile iliyokuja nayo

Da Asha: Laki nne kila mtu. Salim?

Da Asha: Salim naona upo hewani

IJUMAA

Salim: Nilikuwa kazini. Mimi ntatoa lakini nataka kujua hela anashika nani

Khamis: Anashika Da Asha. Au ulitaka ushike wewe kama ya vespa

Salim: Haya, vespa tena. Nilisema ntalipa na nikalipa

Mwanaidi: Ulilipa nusu kaka. Baba kenda kwa miguu mwaka mzima mpaka alipopewa hii Raleigh

Da Asha: Jamani tusirudi huko, leo Ijumaa

Ami Juma: Nimesoma yote tangu jana. Nilipougua mimi na hatuna gari wala nini, kaka yangu alinifunga kwa kanga ya mama kwenye keria akanipeleka spitali usiku. Kila kilima alishuka akasukuma. Hakuuliza nani atoe nini. Nyinyi mnamnunulia miguu na hakuna hata mmoja alomuuliza anaitaka. Muulizeni

Da Asha: Tumesikia ami. Tusamehe

Khamis: Tusamehe ami

Salim: Tumesikia

Da Asha: Mwanaidi, Baba akitoka msikitini muoneshe picha

Mwanaidi: Nimemuonesha. Kashika simu kaikuza picha kwa vidole, hakuangalia mota wala nini, kaenda nyuma moja kwa moja. Kauliza keria iko wapi. Nikamwambia ni hii nyembamba. Kanyamaza, baadae kasema "na gunia?"

Khamis: Imeandikwa mwisho kilo 25

Mwanaidi: Gunia la Baba linazidi hapo yakhe

Bi Rukia: Muhogo wenyewe nani anaula wote huo

Mwanaidi: Anagawa. Wewe mwenyewe umepelekewa

Da Asha: Baba kakataa au kakubali?

Mwanaidi: Hajakataa. Kauliza rangi nyengine zipo

Da Asha: Basi Khamis mwambie muuzaji atuekee mpaka Jumatano, uliza keria ya kubeba uzito na kama fremu yenyewe itastahamili. Mwezi ujao ukija si unakuja nayo?

Khamis: Siwezi dada. Ndege mwisho betri ya wati-saa 160 na hiyo kwa ruhusa. Hii 360. Lazima ije kwa meli

Da Asha: Ikifika Malindi mimi ntaitoa, ntaitia boti ya Mkoani. Walotoa mpaka sasa mimi, Khamis, Mwanaidi nusu

Bi Rukia: Mimi mwisho wa mwezi inshallah

Seif: 👍

Da Asha: Seif hiyo dole ni hela?

Salim: 🚫 Ujumbe huu umefutwa

Da Asha: Salim umeandika nini, sijawahi kuusoma