Baraza la mbao limegeuka kijivu na linateleza, nianzie wapi?

Mguu_Peku:
Wakuu, habari zenu. Nina baraza la mbao nyuma ya nyumba, mita 4 kwa 3, limeshikizwa ukutani upande mmoja na upande wa pili limesimama juu ya nguzo, kimo cha kiuno hivi. Lina miaka saba. Nililipaka vanishi mara moja tu, mwaka ule wa kwanza. Sasa baridi na mvua zimekwisha, jua limeanza kuwaka, nimelitazama vizuri nikaona aibu. Mbao zimekuwa kijivu, upande wa kivulini kuna utando wa kijani (juzi nusura niende chini na ndoo mkononi), vanishi inabanduka magamba magamba, na misumari kadhaa imeinua vichwa.

Jirani ana mashine ya presha ya kuoshea gari, ataniazima. Mpango wangu ni kuosha Jumamosi na kupaka vanishi Jumapili, habari imeisha. Kuna ninachokosea? Nawasilisha.

Randa_Butu:
Mkuu, hiyo Jumapili isahau. Ubao ulioloweshwa hukauka usoni saa chache tu, ndani bado mbichi. Ukiyafungia maji humo chini ya vanishi, jua likipiga yatatafuta pa kutokea, na magamba yatarudi yale yale. Ngoja angalau siku mbili tatu za jua mfululizo. Ukipata kipimo cha unyevu, subiri kisome chini ya asilimia 15.

Mashine ya jirani nayo iogope. Presha kali hula sehemu laini ya ubao na kuacha ile mistari migumu imesimama, ukikauka unakuwa na manyoya. Mimi niliwahi kusogeza mdomo wa mashine karibu ili ning'oe doa moja sugu. Doa lilitoka. Mfereji wa upana wa kidole upo mpaka leo, naukanyaga kila asubuhi.

Kichwa_Maji:
Mnamtisha bure. Mwaga klorini, sugua, kijani kwisha. Nusu saa tu.

Nguzo_Nne:
@Kichwa_Maji kijani kitakwisha kweli, lakini klorini kali inakula nyuzi za ubao na kuitia misumari kutu. Na mtu asije akaichanganya na asidi au amonia akidhani anaongeza nguvu, gesi inayotoka hapo ni sumu. Bora unga wa sodiamu perkaboneti: koroga kwenye maji ya vuguvugu, mwagia, acha dakika 15 hivi bila kukauka, sugua kwa brashi ngumu ya nyuzi za plastiki kufuata urefu wa ubao, kisha suuza kwa mpira wa kawaida. Brashi ya waya hapana, vipande vyake hubaki mle na kutoa kutu.

Lakini @Mguu_Peku, mbona hujasema chini kukoje? Huo ukijivu ni wa juu juu tu, ni jua limechoma uso. Kinachoangusha mabaraza kiko huko usikokuona. Kabla hujanunua chochote, chukua bisibisi na tochi, ingia uvunguni. Choma miguu ya nguzo inapokutana na udongo, choma ncha za boriti, na zaidi ya yote ile boriti iliyoshikizwa ukutani. Ubao mzima unakataa bisibisi. Uliooza unaipokea. Angalia pia kama boriti hiyo imefungwa kwa bolti au imepigiliwa misumari mitupu.

Mguu_Peku:
Nimetoka uvunguni sasa hivi, buibui wamenijua kwa jina. Nguzo ziko imara. Boriti za kati pia. Ila ile ya ukutani, kona ya kushoto, bisibisi imezama karibu sentimita 3 bila kutumia nguvu, kama naichoma sabuni iliyolowa. Juu yake majani yamejaa kati ya ukuta na ubao wa kwanza, nimeyavuta yakatoka meusi, yanachuruzika maji. Bolti sijaona hata moja. Misumari tu.

Nguzo_Nne:
Basi vanishi iwekwe pembeni kwanza. Watu wasipande hapo, hasa wakiwa wengi. Tafuta fundi aweke tegemeo la muda chini, aitoe boriti nzima na kufunga mpya kwa bolti zisizoshika kutu, na juu yake bati la kukinga maji yasiingie ukutani. Usikubali akukatie kipande cha kona tu.

Msasa_80:
Naongezea kwa baadaye. Misumari iliyoinuka usiigonge irudi, tundu lake limeshalegea. Ing'oe, weka skrubu ndefu kidogo. Madoa meusi kuzunguka misumari ni chuma kimekutana na tanini, kemikali ya asili iliyomo kwenye ubao. Asidi ya oksaliki huyatoa na kuangaza ukijivu pia, ila vaa glavu na miwani, na suuza sana. Vanishi ya zamani kwangua yote, kisha msasa namba 60 au 80. Laini kuliko huo unaziba vitundu na mafuta hayaingii.

Mimi vanishi kwenye sakafu ya nje nimeacha. Napaka mafuta ya mbao yenye rangi kidogo, maana yasiyo na rangi hayazuii jua. Paka nyembamba, futa yanayobaki juu, na zile ncha zilizokatwa zishibishe mara mbili, ndizo zinazokunywa maji zaidi.

Kivuli_Cha_Jioni:
Samahani kudandia. Langu nililikuta na nyumba, la zamani sana, mbao zina ukijani wa dawa. Nami nipige msasa?

Msasa_80:
Subiri kwanza. Mbao nyingi za zamani zilitiwa dawa ya kuzuia kuoza iitwayo CCA, ambayo ina aseniki, nayo ni sumu. Marekani watengenezaji waliacha kuitumia kwa mbao za majumbani mwishoni mwa 2003. Kama hujui ni dawa gani, usitimue vumbi lake wala kuchoma vipande vyake. Osha taratibu, acha zikauke, paka.

Mguu_Peku:
Fundi kasema anakuja Jumanne, nimeziba njia kwa viti viwili. Mafuta nitayapaka akishamaliza. Matambara ya kufutia nayatupa tu kwenye pipa?

Randa_Butu:
Usithubutu! Mafuta mengi ya mbao yana mafuta ya kitani, na tambara lenye mafuta hayo likikunjwa linajipasha moto lenyewe mpaka liwake. Yatandaze nje moja moja yakauke kabisa, au yatumbukize kwenye ndoo ya maji. Ile ile iliyotaka kukuangusha.