Wauza deki za "mbili kwa moja" Kariakoo, acheni kutuuzia mashine zisizorekodi kwenye diski

Wakuu, heshima zenu. Leo nina hasira, mtanivumilia.

Natafuta mashine ya kawaida kabisa, ya bei ya mtu wa kawaida. Huku unachomeka mkanda wa VHS, huku unaweka diski tupu, unabonyeza, picha zinahama kutoka kwenye mkanda kwenda kwenye diski. Basi, sitaki kingine. Nyumbani kuna sanduku la bati limejaa kanda za familia: harusi, maulidi, hitma ya babu, na zingine alituma shangazi kutoka Muscat. Ukizishika juani ukachungulia kwenye kile kidirisha cha plastiki, unaona vidoa vyeupe pembeni mwa utepe. Huo ni ukungu, na joto letu hili la pwani linaupenda. Masika mawili matatu tena na hakutakuwa na cha kuokoa.

Sasa ingia Kariakoo ukaulize. Kijana anakuona unakaribia, hata hujamaliza sentensi: "Ipo braza, mbili kwa moja, inarekodi." Nikamuuliza, inarekodi kwenye diski? "Kila kitu mkuu, haina shida." Nikauliza mara ya pili, maana nawajua. "Nakwambia haina shida!" Laki na themanini ikanitoka. Nafika nyumbani, kitufe cha REC kipo, chekundu kabisa, nakibonyeza, mashine inaanza kurekodi KWENYE MKANDA. Diski inasoma tu. Yaani nina kanda za kuhamisha, wameniuzia mashine ya kutengeneza kanda zaidi.

Nilipoirudisha nikaambiwa soma risiti: "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi." Risiti yenyewe ya kuandika kwa mkono. Halafu yule yule aliyeniapia ananiambia eti mimi sikueleza vizuri!

Na hili wanalijua, msiwatetee. Kuna mashine za aina mbili zinazofanana sura kama kurwa na doto. Moja ni deki ya mkanda iliyounganishwa na kisomeo cha DVD, nyingine ni deki ya mkanda iliyounganishwa na kirekodi cha DVD. Sehemu ya mkanda ile ile, trei ile ile, rangi ya fedha ile ile. Ya kwanza zilitengenezwa nyingi sana na ndizo zimejaa mtumba. Ya pili ilikuwa ghali tangu siku ya kwanza, kwa hiyo ni chache. Muuzaji anachofanya ni kuchukua ya kwanza na kuipachika bei na sifa za ya pili. Angalieni uso wa mashine: ya kurekodi kwa kawaida ina alama ya DVD iliyoandikwa R, RW au RAM chini yake, na mara nyingi ina kitufe cha Dubbing au Copy chenye mshale kutoka VHS kwenda DVD. Ukiona DVD Video peke yake na mwenyewe anakuapia, ondoka.

Kuna mwingine aliniambia yake ni "mpya, boksi halijafunguliwa". Mpya ya wapi? Kampuni ya mwisho duniani iliyokuwa inatengeneza deki za VHS, Funai ya Japani, ilifunga kazi Julai 2016, na sababu mojawapo ni kwamba vipuri vilikuwa havipatikani tena. Kiwanda chenyewe kilikosa vipuri, wewe wa mtaa wa pili una "mzigo mpya umeingia juzi"? Na hata kama kweli boksi halijafunguliwa, raba za ndani zinazeeka zikiwa ndani ya boksi. Mkanda wa mpira unalegea, rola inakuwa ngumu na kuteleza, ukichomeka kanda ya harusi ya mama yako mashine inaila hapo hapo. Unafungua mlango unakuta utepe umejikunja humo ndani kama tambi.

Tuje kwenye mizigo ya Marekani. Hapa ndipo wanaponimaliza. Zile za Magnavox na Sylvania zinazokuja kwenye makontena, nyingi kweli zinarekodi kwenye diski, na bei yake ni nafuu. Nafuu kwa sababu gani? Kwa sababu zimetengenezwa kwa mfumo wa picha wa Marekani, NTSC, na umeme wa volti 120. Sisi huku kanda zetu ni za mfumo mwingine, PAL, hata hizo za Oman ni PAL. Kamera zilizotumika kwenye harusi zetu zilikuwa PAL. Ukiingiza mkanda wa PAL kwenye mashine ya NTSC pekee unapata picha inayokimbia, haina rangi, au hupati kitu. Nikamweleza muuzaji, taratibu kabisa. Jibu lake: "Weka transfoma ya kushusha umeme, itakubali." Jamani! Transfoma inashusha volti, haigeuzi NTSC kuwa PAL! Picha ya mistari 525 (NTSC) haiwi ya mistari 625 (PAL) kwa sababu umepita kwenye transfoma. Nikamwambia hivyo, akacheka, akaniita profesa.

Mwingine akanisifia yake kwamba "inakamata chaneli zote na inazirekodi". Matangazo ya TV ya analojia Dar yamezimwa tangu 31 Desemba 2012, mzee. Hiyo tyuna yako inakamata chenga tu. Siku hizi kila kitu kinapita kwenye king'amuzi na waya za AV.

Baada ya hapo nikapata moja, ya Uingereza, PAL, ina mshale wa kunakili. Nikasema sasa nimefika. Nikaenda na mkanda wangu mwenyewe na diski tupu za DVD-R, nikataka tujaribu pale pale. Kwanza hakutaka. Anasema mashine ikijaribiwa sana inachoka. Nikasimama pale mpaka akakubali. Tukanakili dakika kumi, tukaiangalia kwenye mashine hiyo hiyo, safi kabisa, sauti na picha. Nikamwambia haya, sasa tuifunge diski, uniwekee kwenye ile DVD yako nyingine hapo rafu ya juu tuone. Hapo ndipo sura ilibadilika. Mara umeme utakatika, mara ana wateja, mara anamsubiri bosi.

Kwa wasiojua kwa nini niling'ang'ania: diski ya DVD-R ukishairekodi haijakamilika mpaka uifunge, kwenye menyu utaona Finalize. Kabla ya hapo inasomwa na mashine iliyoirekodi, kwingine mara nyingi inagoma. Na kufunga nako ni kuandika kwa leza, kunataka leza nzima. Mashine iliyochoka inaweza kurekodi, ikifika kwenye kufunga ikashindwa, na diski yako inabaki mateka wa mashine moja. Siku mashine hiyo ikifa, kazi yako yote imekufa nayo. Hatimaye tuliifunga. Ikazunguka, ikazunguka, ikaandika kosa. Na maneno yake? "Hizo diski zako mbovu."

Najua mtakuja na ushauri. "Mkuu, si upeleke studio tu wakufanyie?" Nimepeleka mkanda mmoja wa majaribio. Mkanda wa E-180 ni saa tatu. Diski ya GB 4.7 kwa ubora wa SP inabeba saa mbili, kwa hiyo kazi ya heshima ni diski mbili. Wao wakasukuma zote tatu kwenye diski moja kwa EP, ile ya ubora wa chini inayobeba saa sita, ili waokoe diski ya bei ya soda. Watu wakicheza ngoma nyuso zinageuka vigae. Halafu lipo lingine ambalo wa bara huenda msilione haraka: nusu ya kanda zile ni upande wa wanawake, shughuli ya ndani, mashangazi hawana mitandio. Mama amesema hazitoki nje ya nyumba hii zikatazamwe na vijana wa studio, na mimi sibishani naye.

"Nunua kidude cha USB cha kuingiza picha za deki kwenye kompyuta." Sawa, kama una kompyuta na deki nzima ni njia nzuri na rahisi kwa bei, sikatai. Kwetu kompyuta hakuna, na mama anataka diski ya kuweka kwenye DVD yake sebuleni. Pia mtu anaweza kununua deki peke yake na kirekodi cha DVD peke yake, akaunganisha kwa zile waya tatu za njano, nyeupe na nyekundu. Kwa maoni yangu hiyo ni bora kuliko mbili kwa moja, maana upande mmoja ukifa mwingine unaishi. Lakini nenda kaulize kirekodi cha DVD, uone kama hawatakuletea kisomeo tena wakiapa.

Na mafundi, tafadhali: mkisafisha hedi, yaani kichwa kinachosoma mkanda, acheni kuingiza pamba. Nyuzi zinanasa, hedi inavunjika, halafu mnasema "ilikuja hivyo".

Kwa hiyo nasema hivi. Mwenye mashine ya PAL inayorekodi kwenye diski kweli, mfano zile Panasonic DMR-EZ48V au ya jamii hiyo, aje inbox na bei. Sharti langu ni moja: nakuja na mkanda wangu na diski yangu, tunanakili, tunafunga, tunaitoa, tunaiweka kwenye DVD nyingine yoyote. Ikisoma nalipa pale pale, sipunguzishi hata shilingi. Nipo Ilala, nakuja popote Dar, Kibaha pia. Wa "haina shida mkuu" nawaomba mpite tu.