Doa hafifu juu ya Regulus: mwako wa lensi, nyotamkia au galaksi?

MkeshaAnga
Wakuu, habari za usiku. Nimepiga Regulus, ile nyota kali ya kundinyota la Simba, kwa darubini ya lensi ya milimita 72, urefu wa fokasi milimita 430. Fremu 45 za dakika mbili mbili, nikazirundika kwa programu ziwe picha moja. Kaskazini mwa nyota, pikseli 670 hivi, kuna doa la mviringo limefifia kama pumzi juu ya kioo. Upana wake ni pikseli 300. Kwa darubini na kamera yangu, pikseli 1,000 ni nusu digrii, kwa hiyo liko theluthi moja ya digrii kutoka Regulus. Tena upande wa pili wa picha kuna kiduara, kama alama ya kikombe mezani.

Programu ya kuandika majina ya vitu nimeiwashia NGC na IC, zile orodha za zamani za galaksi, nebula na makundi ya nyota, haikuandika chochote hapo. Na nikisawazisha mwanga wa nyuma, doa linapotea kabisa. Ni uchafu wa vifaa au nimepata kitu?

LensiKavu
Mwako huo. Ukiweka nyota ya mwangaza 1.4 (namba ikiwa ndogo, nyota ni kali zaidi) ndani ya fremu, lazima mwanga udunde kati ya filta na sensa ya kamera. Futa, lala.

NyotaYaJaha
Taratibu mkuu, hapo kuna vitu viwili. Mwako wa kudunda kwenye lensi kwa kawaida hutokea mkabala na nyota yake, kitovu cha picha kikiwa katikati yao. Nimechora mstari kutoka Regulus kupita kitovu, ukaangukia kwenye kile kiduara barabara. Doa liko pembeni kabisa ya mstari huo.

Hilo la kupotea ukisawazisha lisikutishe. Angalia ulipoweka vituo vya kupimia mwanga wa nyuma. Ninavyoona, kimoja umekiweka juu ya doa lenyewe, programu ikadhani ni mwanga wa taa za chini, ikalitoa. Kiondoe ujaribu tena.

KimondoChekundu
Mimi nasema kwanza tuondoe vinavyotembea. Regulus iko karibu sana na njia ya Jua, haifiki hata nusu digrii, na asteroidi hupita hapo kila mara. Rundika fremu za mwanzo peke yake na za mwisho peke yake, kisha uzipishanishe. Asteroidi ya ukanda mkuu inapokuwa mkabala na Jua husogea kama nusu dakika ya tao kwa saa (dakika ya tao ni 1/60 ya digrii). Kwa saa yako moja na nusu ingekuachia kijistari cha pikseli 25 hivi, si doa la 300. Kwa hiyo asteroidi mimi naifuta, mshukiwa ni nyotamkia tu.

MkeshaAnga
Nimezipishanisha. Doa halijasogea hata pikseli moja. Na @NyotaYaJaha umesema kweli, nilikuwa na kituo katikati yake. Nimekiondoa, doa limerudi, tena limekolea kuliko mwanzo. Kesho nisogeze darubini nusu digrii nipige upya?

NyotaYaJaha
Sogeza. Cha angani kitabaki na umbali uleule kutoka Regulus. Cha lensi kitakimbilia upande wa pili.

BiDarubini
Kusogeza peke yake hakutoshi, kaka. Filta ikiwa imekaa mshazari kidogo, mwako wake hukaa kando ya nyota kwa umbali uleule popote uipelekapo. Utasogeza, doa litafuata nyota, utashangilia bure. Mimi nililala na furaha hiyo mwezi mzima. Zungusha kamera robo duara. Doa likibaki kaskazini ni la anga, likizunguka na kamera ni la filta.

Nikilinganisha njia zenu: kugawa fremu hakugharimu kitu, ila kunakamata vinavyotembea tu. Kusogeza kunakamata lensi. Kuzungusha kunakamata hata filta, lakini utalazimika kupiga upya fremu za kusahihisha vumbi na giza la pembeni, na hapo ndipo watu huona uvivu.

MkeshaAnga
Nimefanya yote mawili. Nilipozungusha, doa lilibaki kaskazini, pikseli 670 zilezile. Nilipoisogeza Regulus kutoka kushoto kwenda kulia, kiduara kilihama kutoka kulia kwenda kushoto.

MsomaOrodha
Poleni, nilikuwa kazini. Hiyo ni Leo I, galaksi kibete inayoandamana na Njia ya Maziwa, umbali wa miaka ya nuru 820,000 hivi. Regulus ipo miaka ya nuru 79 tu, imekaa njiani kama mtu mwenye tochi mlangoni. Ndiyo maana wengi huifuta Leo I wakidhani ni mwako.

Programu yako haina kosa. NGC ni ya mwaka 1888, na Leo I iligunduliwa mwaka 1950 kwenye sahani za picha za Palomar, kituo cha kutazama anga cha California, kwa hiyo haimo. Washa UGC, orodha ya galaksi ya baadaye, itaandika 5470. Ukitaka kuhakikisha, fungua Aladin, ile programu ya ramani za anga, weka picha za DSS2 (picha za anga zima zilizopigwa zamani) za eneo hilo, ulinganishe na yako nyota kwa nyota. Mimi huanza hapo kabla ya kugusa darubini.

LensiKavu
Nusu nilikuwa sahihi, kiduara ni mwako 😀. Lakini @MsomaOrodha, na kama isingekuwepo kwenye orodha yoyote?

MsomaOrodha
Hapo ndipo vipimo vya Bi vinapokuwa na thamani. Januari 2004 Jay McNeil aliona nebula mpya, yaani wingu la gesi na vumbi, karibu na nebula ya M78 katika picha ya darubini ya sentimita 7.6. Picha nyingi za zamani hazikuwa na mwanga huo kwa sababu nyota changa iliyo ndani yake ilikuwa imewaka ghafla. Angeamini orodha pekee, angeifuta.

MkeshaAnga
Asanteni sana. UGC nimeiwasha, 5470 imetokea juu ya doa kabisa. Leo narudi kuongeza fremu, safari hii Regulus nikiitupa nje ya picha. @BiDarubini, filta iliyokaa mshazari uliinyooshaje?