Eti MIMI sijui $this ni nini?!

Wakuu, nimetoka kikaoni sasa hivi na mikono bado inatetemeka. Yule bwana wetu, mnamjua, yule wa miwani ya kuning'iniza kifuani.

"Kijana, kwani hujui hata $this ni nini?" Yaani ile $this ya lugha ya PHP, objekti yenyewe, kile kitu kinachozaliwa kutoka kwenye ramani iitwayo klasi. Mbele ya mteja! Mteja alikuwa anachovya andazi kwenye chai, akalisahau humo humo mpaka likazama.

Kodi ya programu kaandika YEYE. Jina lake liko juu ya faili, mwaka 2012. Ndani ya klasi ya Ripoti kaita `Ankara::jumla()`, wakati jumla() si static, yaani si ya kuitwa kwa jina la klasi bila objekti, na imejaa `$this->kiasi`. Enzi za PHP 5 ilikuwa inapita, kwa sababu $this iligeuka kuwa ile Ripoti iliyoita! Ankara inasoma kiasi cha ripoti miaka yote, kimya, maonyo kayazima.

Juzi seva imerushwa hadi PHP 8, ikagoma. Nikasema tutengeneze objekti kwanza kwa `new Ankara`. Akasema "weka tu static hapo." Nikaweka, projekta inawaka. Ukuta mzima kosa jipya: $this imetumika pasipo objekti. Sasa ulitegemea nini? Ukiita kwa jina la klasi, mle ndani hakuna mwenyewe!

Ndipo akanigeukia. "Kijana, kwani hujui hata..." MBELE YA MTEJA, wakuu. Nasikia bado lile andazi likizama.

Kobe Mzee: Pole. Ila ulijua italipuka na bado ukaweka?

Mleta uzi: Mkuu, ningemgomea vipi mbele ya mteja? Mshahara wenyewe unatoka tarehe 45!

Nyundo: Kuita hivyo kulitangazwa kunaachwa tangu PHP 7.0, mwaka 2015. Kosa kamili 8.0, mwaka 2020. Ofisi yenu ilikuwa imelala wapi?

Mleta uzi: Muulize mwenye miwani!

Mama Kompaila: Njoo kwenye lugha ya Java mwanangu. Huku ungekataliwa kabla programu haijawaka.

Kobe Mzee: Java tena? Mistari 40 kusema habari za asubuhi.

Pweza: Afadhali wewe. Mimi wa kwetu kaandika `new self` kwenye klasi mama, watoto wote wanazaliwa wakiwa mama yao. Namwambia `new static`, inayozaa klasi ile ile iliyoitwa, ipo tangu PHP 5.3, mwaka 2009, ananiambia niache ujuaji.

Nyundo: Huyo na wa miwani ni ndugu.

Mleta uzi: Jamani, mbele ya MTEJA.

Bi Mpangaji: Nimefungua kwa sababu ya neno kodi. Wangu kapandisha tena, na choo kimeziba wiki ya pili.

Pweza: Wapi huko dada?

Bi Mpangaji: Tabata. Anataka miezi sita kwa mkupuo.

Mama Kompaila: Sita?! Usilipe mpaka azibue choo.

Kobe Mzee: Wa kwangu anataka mwaka mzima, na maji yanatoka Jumanne tu.